Mgeni wa Mstari wa Tatu

Kama ulikuwa mlimani mwaka ule, utaukumbuka kwa tumbo lako. Upepo uliangusha migomba kabla mikungu haijakomaa, na wanunuzi wa parachichi, ambao miaka mingine hugombania mizigo barabarani, hawakuja. Tukala parachichi. Asubuhi parachichi na chai, mchana parachichi juu ya makande, jioni parachichi na ugali, mpaka mbwa wote wa Kirua Vunjo wakang'aa manyoya kama wanakwenda harusini. Hata Krismasi yake, watoto wetu walipopanda kutoka Dar wakitazamia machalari ya ndizi na nyama, wakakuta makande. Shemeji yangu mmoja alikaa siku mbili akageuza gari.

Nakutajia chakula ili ujue sisemi habari za mababu. Ni juzi tu. Na nilikuwa na akili zangu zote. Sikuwa nimekunywa mbege, maana mbege ni ndizi, na ndizi zilikuwa chini. Wala haukuwa usiku. Watu wakisimulia mambo kama haya huweka usiku ili uogope haraka. Mimi lilinitokea saa tisa mchana, kuku wakiwa nje, moto ukiwaka jikoni. Ukitaka kuamini amini, usipotaka endelea tu kusoma, mwisho utaona mwenyewe.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Kusoma nasoma, Biblia na nyimbo za kanisani, polepole. Kiingereza sijui hata cha kuombea maji. Lakini nimezalisha ng'ombe wa watu huku kwetu tangu mume wangu akiwa hai, na hakuna ndama aliyegeuka tumboni akafia mikononi mwangu. Nasema hivyo si kwa kujisifu. Basi, ni kwa kujisifu.

Na mjukuu wangu Upendo, mtoto wa binti yangu wa pili, niliyemlea mimi, ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu. Alikuwa anaandika ile kazi yao ya kumalizia chuo. Aliandika juu ya mifongo, mifereji yetu ya maji waliyochimba babu zetu kutoka msituni. Alizunguka mlima mzima akiwarekodi wazee wanaojua zamu za maji, nani alifungua lini na nani alifunga. Wazee tisa. Wawili wao tulikuwa tumeshawazika. Kwa hiyo elewa vizuri: sauti za wale wawili hazikuwepo tena mahali popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta ya Upendo, laptop aliyoinunua mjini Moshi ikiwa imetumika.

Nikamwuliza baadaye, kwa nini hukuziweka na mahali pengine? Akasema, "Bibi, nilikuwa ndiyo nataka kununua flashi kubwa." Hayo ndiyo maneno ya kila aliyechelewa.

Laptop yenyewe ilikuwa nzito. Ukiiwasha unaweza kwenda kukata majani ya ng'ombe ukarudi bado inajifikiria. Mwenzake wa chuo akampa kitu kinaitwa Linux.

"Ni programu ya kuendeshea kompyuta," akanieleza. "Ni nyepesi. Hata mashine kuukuu inakimbia."

"Nani anaiuza?"

"Haiuzwi, bibi. Ni ya bure. Imetengenezwa na watu wengi, kila mtu kwao."

"Kitu cha watu wengi kikiharibika unamshitaki nani?"

Akacheka. Jumapili baada ya ibada akakaa nayo mezani jikoni, maana soketi inayofanya kazi iko jikoni. Akaniambia ile programu ya zamani ameifuta, na kazi zake amezihamishia pembeni kwenye chumba chao humo humo ndani, hazitaguswa. Nikasema sawa. Nikaenda kukamua.

Niliporudi hakuwa anacheka tena. Mashine ilikuwa inawaka, inatoa herufi nyeupe zinakimbia kama siafu, halafu kioo kinakuwa cheusi. Kidudu kidogo kama mstari kinapepesa pembeni, halafu nacho kinakufa. Akaizima, akaiwasha. Siafu, halafu giza. Nadhani alifanya hivyo mara thelathini. Ukiwa umewahi kumwona ng'ombe anayesukuma na ndama hatoki, unajua uso aliokuwa nao Upendo.

Jumatatu akaipeleka kwa fundi mmoja pale Mawenzi, mjini Moshi. Fundi akaitazama kidogo, akasema kioo kimekufa au kilicho nyuma ya kioo kimekufa, dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

"Na sauti za wazee?" Upendo akamwuliza.

"Wazee gani?"

Akaichukua laptop yake akapanda nayo kurudi. Siku zilizobaki zilikuwa chache. Kazi ilitakiwa ifike chuoni Jumatatu inayofuata, asipoipeleka anarudia mwaka mzima. Na mwaka unaweza kurudiwa. Wale wazee wawili, je?

Alhamisi akashuka tena Moshi kutafuta fundi mwingine, anayejua kutoa zile kazi bila kufuta. Mvua ilikuwa ya masika, hakutaka kuibeba mashine juu ya bodaboda kabla hajampata mtu wa kuaminika. Akaiacha mezani jikoni, imechomekwa kwenye chaji. Akaniambia, "Bibi, usiiguse." Nikamwambia mimi nina kazi zangu.

Mchana ule ukungu ukashuka kutoka msituni. Si ukungu wa kuona hatua kumi, ni ule wa kuona mkono wako na kuushukuru. Kuku wakadhani ni jioni, wakaanza kupanda. Nikawa jikoni nachochea moto. Nikasikia, "Hodi hapa," kwenye masale.

Kwetu, kwa wewe usiyekuwa wa huku, masale ni ile mimea mirefu tunayopanda kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Ndio ukuta wetu. Na mtu hapiti masale kabla hajasema yeye ni wa ukoo gani. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo wiki niliyoolewa, na hakuwa mtu wa kufundisha mara mbili. Si ukali. Mwenye ukoo akikuharibia kitu, unajua mlango wa kwenda kushitaki. Akiugua kwako, unajua pa kumpeleka. Asiye na ukoo utampeleka wapi?

Nikatoka. Mwanamke, umri wa binti yangu mkubwa. Sweta ya kijivu, sketi ya kahawia, mfuko wa kitambaa begani, kama mwalimu au karani. Akanisalimia kwa Kichagga, lakini si cha kwetu Vunjo, ni cha ule upande mwingine wa mlima. Akaniita mae, kama mtu anavyomwita mama.

"Karibu," nikasema. "Wewe ni wa nani?"

"Nimetokea Sanya Juu, mae. Mashine inaendeleaje?"

"Umetumwa na Upendo?"

"Nimekuja kwa ajili ya mashine."

Ukisikiliza vizuri, hilo si jibu. Mimi sikusikiliza vizuri. Nilisikia neno mashine, nikaona uso wa Upendo, nikajua ni fundi.

"Na ukoo?"

"Tutafika huko, mae. Kuna baridi."

Na kweli kulikuwa na baridi. Nikampitisha. Hilo ndilo kosa langu, nalitaja wazi. Miaka yote niliyokaa kwenye kihamba hiki sijapitisha mtu hivyo, wala mkusanya kodi.

Akaketi kwenye kiti cha mbao karibu na meza. Nikammiminia chai ya maziwa, nikaionja mimi kwanza kama desturi, nikampa. Akaiweka mbele yake. Nikatazama viatu vyake. Kutoka barabarani mpaka kwangu, masika, hata mbuzi anafika na matope mpaka magotini. Vya kwake vilikuwa safi kama vya maiti jenezani. Nikajisemea, huyu anajua kukanyaga.

"Iwashe," akasema.

"Washa wewe, ndiye fundi."

"Mikono yangu ina baridi. Bonyeza wewe, mimi nitakuelekeza."

Upendo aliniambia nisiiguse. Lakini fundi kasema niiguse, ningefanyaje? Nikabonyeza. Siafu wakapita, kioo kikawa cheusi.

"Fundi wa mjini anasema kimekufa," nikamwambia.

"Hakijafa. Una tochi? Kimulike kwa pembeni, usikimulike usoni."

Ninayo tochi ndogo ya kumtazamia ng'ombe usiku. Nikaiwasha, nikailaza pembeni ya kile kioo. Niamini, nilishika meza. Ndani ya ule weusi kulikuwa na picha. Hafifu, kama kitu kilicho chini ya maji ya mfongo: vipicha vidogo vimepangwa, na katikati maandishi, na kati ya maandishi jina nililolijua, Upendo. Mashine ilikuwa hai muda wote. Ilikuwa inafanya kazi gizani, taa yake tu haijawaka. Siku nne mtoto analia, na kitu kiko hapo hapo kinamsubiri.

"Ndama yumo," nikasema.

"Yumo," akasema yule mwanamke. "Amegeuka vibaya tu."

Nikampenda kwa jibu lile. Nikazima tochi ili nimgeukie. Na hapo, kabla sijageuka, nikaona.

Kioo cheusi ni kioo kweli, unajua. Unajiona. Nilijiona mimi na kilemba changu. Nyuma yangu nikaona moto, sufuria, mlango uliojaa ukungu. Kando yangu nikaona kile kiti cha mbao. Kitupu.

Nikageuza kichwa. Mwanamke amekaa, sweta ya kijivu, mikono mapajani. Nikatazama kioo. Kiti kitupu, na ukuta nyuma yake unaonekana mpaka ule ufa wa tetemeko. Nikageuka tena. Amekaa. Nikafanya hivyo mara tatu, kama mtu anayejaribu betri.

Utaniuliza, kwa nini hukukimbia? Kila ninayemsimulia ananiuliza hilo, hasa wanaume, ambao najua wangekimbia. Nitakwambia ukweli. Magoti yangu yalitaka. Lakini kichwa kikasema: kama ni mfu, ni mfu anayejua kompyuta, na mzima wa mjini ameshindwa. Na nilitaka kuona. Mimi nikiona jambo nisilolijua silikimbii, nalizunguka kwanza. Ningekimbia ndama aliyegeuka, ningekuwa na heshima gani huku?

"Sasa tufanyeje?" nikamwuliza.

Akaniambia nishikilie kile kitufe cha kuwashia huku nikihesabu mpaka kumi. Mashine ikazimika. Akaniambia niwashe tena, na papo hapo nigonge kitufe cha juu kabisa mkono wa kushoto, nigonge bila kuacha, kama mtu anayetwanga. Nikatwanga. Na safari hii siafu hawakupita. Ikaja orodha ya maandishi meupe, imetulia, kioo kinawaka vizuri kabisa.

"Hapa ndipo mlangoni," akasema. "Mashine ikiamka, inapita hapa kwanza, inachagua iingie wapi. Mjukuu wako hajui kama mlango upo, kwa sababu inapita haraka. Unaona mistari mingapi?"

"Mitatu."

"Mstari wa kwanza ndio wa mjukuu wako. Bonyeza herufi e."

Nikaitafuta e. Herufi za vitufe ni kubwa, na hazikupangwa kama tulivyofundishwa shule, zimemwagwa tu kama mahindi. Nikabonyeza. Yakaja maandishi mengi. Akaniongoza na vile vitufe vya mishale, shuka, shuka, shuka, kwenye mstari unaoanza na lile neno Linux, nenda mpaka mwisho wake, acha nafasi.

"Sasa utaandika neno moja. Ukiliandika, mashine itaacha kuigusa ile taa, na kioo kitabaki kinawaka. Nitakutajia herufi moja moja."

Nikachukua kaa jikoni. Kila herufi aliyoitaja niliichora kwanza juu ya meza, nikailinganisha na vitufe, ndipo nikabonyeza. Ya kwanza ni n. Ikaja o. Ikaja m. Ikaja o tena. Ikaja d.

Hakutaja ya sita.

"Endelea," nikasema.

"Zimebaki chache, mae. Nitakutajia. Lakini kwanza urudi kwenye mistari mitatu, ushuke mpaka wa tatu, ubonyeze kile kitufe kikubwa. Unifungulie."

"Mstari wa tatu ni wa nani?"

"Ni wangu."

Nikaliweka kaa chini. Moto ulikuwa unalia vizuri tu, ng'ombe anacheua nyuma ya ukuta, mambo yote kama kawaida, na mimi nazungumza na kiti.

"Mashine hii ilikuwa yangu," akasema. "Picha zangu zimo, barua zangu zimo, madaftari ya darasani kwangu. Nilipoondoka nilibaki humo. Nilikuwa nakaa vizuri, simsumbui mtu. Jumapili mjukuu wako akafuta nyumba ya mbele. Chumba cha nyuma kimesalia, lakini mlango wake unafunguliwa kutoka nje, na mimi niko nje. Nina siku nne kwenye ukungu, mae."

Nakwambia, nilimhurumia. Usifikiri mimi ni jiwe. Alisema nina siku nne kwenye ukungu kama mtoto anavyosema nina njaa, bila hasira. Na mkono wangu ulikuwa hapo, vidole vitatu kutoka kwenye kile kitufe. Nilifikiria sauti za wale wazee. Nilifikiria Jumatatu. Herufi chache tu. Nani angejua?

Lakini nilishakosea mara moja pale kwenye masale, na kosa moja linatosha kwa mchana mmoja.

"Nitajie ukoo wako," nikasema, "nitakufungulia sasa hivi, na chai yako nitaipasha."

Akafungua mdomo. Nilimwona akilitafuta jina. Macho yalikwenda juu, yakaenda pembeni, kama mtu anayepapasa mfukoni kwenye giza. Mdomo ukabaki wazi, hakuna kilichotoka. Akaufunga.

"Silikumbuki," akasema. "Liko humo ndani. Fungua, nitalisoma, nitakutajia."

"Utaje kwanza."

"Siwezi kulitaja mpaka ufungue."

"Na mimi siwezi kufungua mpaka ulitaje."

"Mae, na mjukuu wako? Atapoteza vyote. Hatakulaumu?"

Hapo alinigusa penye kidonda, na alijua. Nikasukuma kuni moja motoni. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, sikumfokea:

"Simfungulii mtu asiyenitajia ukoo wake."

Akanitazama. Hakunilaani, hakugeuka nyoka wala paka, kama mnavyosimuliwa. Akainuka. Kile kiti hulia hata kuku akiruka kutoka juu yake, lakini hakikulia. Akapita mlangoni, akapita kwenye masale, ukungu ukamchukua kuanzia miguuni. Kikombe chake kilibaki kimejaa, utando wa maziwa juu yake haujaguswa.

Nikakaa. Sikubonyeza chochote. Nikaitazama meza: herufi tano za makaa. Nikajiambia, mwanamke wewe, umemwangamiza mtoto kwa desturi ya mama mkwe.

Upendo alirudi saa kumi na mbili, amelowa, hakupata fundi. Akaingia jikoni, akaona kioo kinawaka.

"Bibi. Nani amefika hapa?"

"Fundi wako wa Sanya Juu."

"Mimi sina fundi wa Sanya Juu."

"Najua."

Akainama kutazama kioo, kisha meza. Akaisoma ile nusu ya neno kwa kidole. Hakuniuliza tena. Akatoa simu yake, akaandika zile herufi tano pamoja na Linux na kioo cheusi, na simu ikamaliza neno yenyewe kabla hajafika mwisho. Ninalo mpaka leo, aliniandikia: nomodeset. Maana yake sijui na sitaki. Akaongeza zile herufi zilizobaki, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Siafu wakapita. Nikashika sketi yangu. Kioo kikawaka, rangi zote, kama dirisha limefunguliwa.

Hakufungua kwanza maandishi ya kazi yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye zile sauti. Kikasikika kikohozi, kisha mzee mmoja wa wale wawili tuliowazika akasema, "Je, hiyo inanasa?" Na sauti ya Upendo, "Inanasa, babu. Endelea." Tulilia wote wawili, mimi nikasingizia moshi. Safari hii alikuwa ameshanunua ile flashi. Alinakili kila kitu kabla hajala.

Neno lile, aliniambia, ni la mara moja. Ukiizima mashine inasahau, lazima uliandike mahali pa kudumu. Akasoma kwenye simu mpaka akapajua mahali penyewe. Alipoiwasha upya ili ahakikishe, akaifungua ile orodha niliyomwonyesha mimi, darasa la nne, namna ya kuifungua. Akahesabu.

"Mistari ilitakiwa iwe miwili, bibi. Wa kwanza ni wangu, wa pili ni wa kurekebishia. Huu wa tatu sikuuweka."

"Uache."

"Ni wa nini?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe.

Kazi ilifika chuoni kwa wakati. Upendo amehitimu, picha yake ya joho iko sebuleni, ukija utaiona hata usipotaka. Siku moja alirudi kwa yule aliyemwuzia laptop akamwuliza ilikotoka. Akasema aliinunua kwa mtu mmoja wa Sanya Juu, pamoja na kabati la nguo na cherehani. Ya nani? Hakuuliza. Mtu anauza cherehani na kabati na barua za mtu kwa siku moja, na hakuna anayeuliza jina.

Mimi nami sijabaki kama nilivyokuwa. Siwezi kupita mbele ya kioo kilichozimwa, iwe televisheni au simu, bila kuhesabu viti vilivyo ndani yake na watu waliokaa. Kanisani wameweka televisheni kubwa ukutani. Kabla hawajaiwasha, mimi nahesabu mabenchi. Wenzangu wanadhani nasali.

Na wamejaa washauri. Jirani anasema tuufute ule mstari tusahau. Nimemkatalia Upendo kuufuta, kwa sababu kufuta ni kumzika mtu mara ya pili bila jina. Mchungaji anasema tuombe kwanza, halafu tuufungue, tusome jina, tuwatafute watu wake Sanya Juu. Ni ushauri mzuri. Nimeufikiria usiku na mchana, na siku mbili nilifika mpaka kwenye kiti mbele ya ile mashine, maana Upendo ameiacha hapa jikoni. Lakini kama jina halimo? Kama kilichomo si mwalimu mwenye sweta ya kijivu? Nitakuwa nimeshafungua, na nitakwenda kushitaki kwa nani? Pengine ni ukaidi tu. Nimezaliwa nao, siuombei msamaha.

Basi wewe unayesoma, sikia. Ukinunua mashine iliyotumika, uliza jina la aliyeitumia, ulibebe pamoja na waya wa chaji. Kabla hujaweka kitu kipya juu ya cha zamani, jua unamtoa nani nyumbani. Sauti za wazee wako ziweke mahali pawili, leo, si kesho. Na fundi akija kwako wakati wa masika na viatu safi, mtazame kwanza kwenye kioo kilichozimwa.

Bado anakuja. Ukungu ukishuka mchana namsikia kwenye masale, hodi, na mimi natoka mpaka mlangoni, siendi mbele zaidi. Hanisumbui. Ananiambia alichokumbuka. Mara ya kwanza alisema kwao kulikuwa na mfereji nyuma ya nyumba. Mara nyingine akasema babu yake alikuwa na jicho moja. Juzi alikuja mapema, sauti yake ina furaha kidogo, kama mtoto aliyepata hesabu.

"Mae, nimeikumbuka herufi ya kwanza ya jina. Linaanza na M."

Koo zinazoanza na M hapa mlimani ni nyingi kama migomba.

"Jitahidi," nikamwambia. "Umefika mbali."

"Si ungenifungulia tu, mae? Limebaki kidogo."

Nilimtazama, na sitasema uongo, nilitamani kumfungulia.

"Simfungulii mtu asiyenitajia ukoo wake."